Ombi la Kuchomwa Moto kwa Picha ya Mama

Mtoni, Temeke
9 Agosti 1951

Kwa Bwana Mkaguzi wa Sanaa na Kazi za Mikono,
Dar es Salaam

Bwana Mheshimiwa,

Shikamoo. Nasikia kwenu Ulaya watu hawaamkiani hivyo, lakini mimi nimelelewa Mtoni na siwezi kuanza kulalamika mbele ya mtu mzima kabla sijamwamkia. Mimi ni yule mwanafunzi wa darasa la saba uliyempapasa kichwa mwezi uliopita, ulipokuja shuleni kwetu kuchagua picha za kupeleka kwenye maonyesho ya mjini. Ulisema picha yangu ni nzuri mno, ukaondoka nayo. Nakushukuru sana. Sasa naomba, kwa heshima zote, uichome moto.

Usidhani nina wazimu. Baba yangu, Mzee Marijani, muuza nazi, amekwisha kutoa amri: picha ile ikitundikwa mbele za watu, mimi na shule basi, nitafua nazi pamoja naye mpaka nizeeke. Mtihani wetu ni Novemba. Nautaka mtihani ule, Bwana, nautaka kuliko picha zote zilizowahi kuchorwa, kwa hiyo nisikilize kwa huruma.

Uijue kwanza nyumba yetu. Baba ana wake wawili, Bi Zuena mkubwa na Bi Chausiku mdogo, ua mmoja, majiko mawili. Wote wawili wamenilea na wote wawili nawaita mama. Mama aliyenizaa, Binti Kondo, alifariki sijaanza kutambaa. Simkumbuki, wala hakupata kupigwa picha, kwa hiyo katika ugomvi huu yeye hayumo. Sheria ya ua wetu ni moja tu: kinachoingia kwa huyu kiingie na kwa yule. Baba akileta pweza, mikono minne huku, minne kule, na kichwa anakula mwenyewe kuepusha maneno.

Mwalimu wetu wa sanaa, Mwalimu Revelian, ni mtu wa Bukoba, Mkristo safi, ana mama mmoja na mke mmoja, na anaamini dunia nzima imeumbwa vivyo hivyo. Haya ndiyo aliyonitendea.

1. Muhula wa kwanza alitugawia udongo, kila mtu donge moja, akasema tumfinyangie mama kitu cha kumfaa. Nikafinyanga chetezo cha kufukizia ubani, na wallahi kilipendeza. Nikaomba donge la pili. Mwalimu akakataa, akasema kitu cha sanaa hakina pacha, chenye pacha ni tofali. Maneno matamu hayo kwa mtu wa mke mmoja! Nikampa chetezo Bi Zuena kwa kuwa ndiye mkubwa. Bi Chausiku akauliza, kwa sauti ya kufika barabarani, kama maana yake ni kwamba chumba chake kimekwisha kuharibika hata hakifai kufukizwa. Baba akaamua chetezo kimfuate yeye kwa zamu: akilala kwa mkubwa kiwe huko, akilala kwa mdogo kihamie. Juma la pili kikahamishwa kikiwa na makaa, kikamwangukia baba mguuni. Chetezo kikavunjika, baba akachechemea, na lawama zote zikaja kwangu kana kwamba mimi ndiye niliyeoa wawili.

2. Baadaye kikaja kitambaa. Tulichonga mihogo, tukaipaka rangi, tukapiga chapa juu ya kitambaa cheupe cha marekani, kila mwanafunzi kipande kimoja. Bwana, hata mwenye duka hapa kwetu, ambaye wake wa baba hawamhusu, anajua kwamba kanga huuzwa doti, mbili mbili. Shule haijui. Nami nikapiga chapa samaki mmoja mkubwa, nguru, kutoka pembe hadi pembe, nikafika nyumbani nikakipasua kitambaa katikati kwa haki kabisa. Lahaula! Bi Zuena akapata kichwa, Bi Chausiku akapata mkia. Nani alitaka mkia? Siku tatu nilielezwa maana ya mkia, maana ambazo hazimo katika kitabu chochote cha shule. Bi Zuena naye akajitanda kile kichwa cha samaki, akawa anapita nacho kwenda kisimani na ndoo iliyokwisha kujaa.

Hapa naomba nikuulize jambo kwa adabu. Karani wa kodi akija Mtoni anajua vizuri sana kwamba baba ana wake wawili. Hajakosea hata mara moja, anamtoza kwa wote na risiti anaandika. Imekuwaje Serikali ijue kuhesabu wake wakati wa kupokea, halafu wakati wa kugawa udongo hesabu iipotee?

3. Ndipo mwalimu alipotuambia: mchoreni mama. Karatasi moja, uso mmoja. Nilikosa raha, Bwana. Nikimchora Bi Zuena nimekwisha, nikimchora Bi Chausiku nimekwisha vilevile. Nikachukua macho ya Bi Zuena, makubwa, yaliyotulia. Nikachukua mdomo wa Bi Chausiku, ambao hata akinuna unataka kucheka. Pua niliibuni mwenyewe, isiwe ya mtu. Nikajiona kadhi! Karatasi kuukuu niliyofanyia majaribio kabla ya kuchora picha safi nikaileta nyumbani kuwaonyesha, nikitazamia kushukuriwa. Kumbe Bi Zuena aliuona mdomo tu, akasema nimemchora mwenziwe. Bi Chausiku akayaona macho tu, akasema hivyo hivyo. Kila mmoja alimwona mwenziwe, hakuna aliyejiona. Tangu siku hiyo majiko yote mawili yamezimwa. Baba anakula muhogo wa kuchoma kando ya Barabara ya Kilwa, mbele ya wateja wake, na picha yenyewe hajataka hata kuitupia jicho. Anasema kelele zake zinamtosha. Karatasi nimeisukumiza uvunguni.

4. Wewe mwenyewe, Bwana, samahani. Ile picha safi uliyoichukua, uliandika chini yake kwa wino: Mama wa Kiafrika. Huyo ni nani? Nimeuliza sokoni, nimeuliza kisimani, hakuna anayemfahamu. Mimi nina mama wawili wanaogombania uso mmoja, na wewe umewaongezea bara zima. Sasa wameapa: siku itakapotundikwa, Bi Zuena anarudi kwao Kimara na Bi Chausiku anarudi kwao Mbagala. Ndipo baba akatoa ile amri yake juu ya shule.

Kwa hiyo naomba picha ichomwe, na majivu yagawanywe sawasawa, nusu kwa nusu, mbele ya shahidi. Pili, tangu leo mwanafunzi anayetoka nyumba ya wake wawili apewe udongo mara mbili, marekani mara mbili na karatasi mbili. Wa watatu, mara tatu. Na wale watoto wa nyumba za wake wanne waletewe vifaa kwa lori. Na kama hilo ni zito, basi Serikali imwoze Mwalimu Revelian mke wa pili kwa gharama yake, hata kwa muhula mmoja tu, afanyie mazoezi. Najua dini yake inakataza. Dini yetu inaruhusu, lakini haikututayarisha kwa somo la sanaa.

Nisalimie Bibi nyumbani, ambaye nasikia ni mmoja, pia karani wako, dereva wako na mpishi wako. Nisalimie sana mbwa wako, aliyeikalia picha ya mwenzangu Elinaza siku ile ikaharibika, akamwokoa na balaa lililonipata mimi.

Ni mimi, mtoto wako mtiifu, mwenye mama wawili na karatasi moja,

Mwishehe Marijani

Nyongeza: Bwana, nilikuwa sijaifunga bahasha, akaja bibi yangu, mzaa baba, kutoka Gongo la Mboto, kusuluhisha ugomvi. Akaomba aione hiyo picha inayovunja nyumba ya mwanawe. Nikaitoa ile karatasi uvunguni. Akaishika mbali, akaishika karibu, kisha akauliza ni nani aliyemchora Binti Kondo.

Nikamwambia sivyo, bibi, hayo ni macho ya Bi Zuena na huo ni mdomo wa Bi Chausiku. Akasema anajua. Akasema baba alipomaliza kumzika mama yangu hakutulia, alizunguka mpaka akayapata macho yake Kimara, akaoa. Hayakumtosha, akazunguka tena mpaka akaupata mdomo wake Mbagala, akaoa. Wake wote wawili walikuwa pale mkekani, wanasikia. Baba akaingia na kikapu chake cha nazi, bibi akamwekea karatasi mkononi. Aliitazama, Bwana, akakaa chini mchangani na nazi zake zikabingirika uani, na hakuna aliyeziokota. Mimi nililia. Nina miaka kumi na mitano na ndiyo mara ya kwanza kumwona mama yangu.

Bi Zuena na Bi Chausiku wakainuka, wakawasha jiko moja, wakapika chungu kimoja, wakala sahani moja, na baba hawakumpakulia. Naona ataendelea na muhogo wake wa barabarani kwa muda. Picha wameifuta vumbi wao wenyewe, na habari ya kuacha shule hakuna tena anayeitaja.

Basi nakuomba usiichome. Hayo yote niliyoyahesabu hapo juu yafute, na Mwalimu Revelian umwachie mke wake mmoja. Yale maneno ya chini ya picha tu ndiyo naomba uyakate, uandike Binti Kondo. Bibi anasema pua ndiyo niliyokosea, naye atakaa nami anielekeze ilivyokuwa. Niletee karatasi ya kuchorea, Bwana. Moja inatosha.