Vuli ya Kughushi

Jumatatu, 2 Juni
Mwaka huu Meurig atanikoma. Kila Pasaka jirani yangu huyu hupeleka mnadani wanakondoo walionona. Wangu bado wananyonya. Basi nimesoma kwamba kondoo hupima usiku. Usiku ukirefuka, ubongo wake hutoa homoni ya giza kwa muda mrefu zaidi, mwili unajua vuli imefika, jike anataka dume. Nikimrefushia usiku sasa, atazaa Krismasi! Nimeziba madirisha ya banda kwa nailoni nyeusi. Majike wanaingia alasiri. Dume wangu, Brenin, yaani Mfalme kwa Kiwelisi, amebaki malishoni. Mfalme hafungiwi.

Alhamisi, 12 Juni
Mke wangu Nerys kauliza kwa nini kondoo wanalazwa jua likiwaka. Sayansi, nikamwambia. Meurig naye kachungulia, kauliza kama tumefiwa. Nikasema nawakinga na joto. Joto! Hapa Wales!

Jumanne, 29 Julai
Ushindi. Majike wanatikisa mikia, wanahangaika. Nimemwachia Brenin. Kawanusa, kapiga miayo, karudi kula nyasi. Nimempigia daktari wa mifugo, Heledd. Akauliza dume alikuwa wapi muda wote. Juani, nikasema.

"Basi kwa majike ni Oktoba, Idwal, na kwa dume ni Julai. Yeye hana habari."

Alikuwa anacheka. Nitabadilisha daktari.

Jumamosi, 2 Agosti
Janga. Dume wa Meurig karuka ukuta. Ni Dorset, aina isiyojali sana majira. Hakubakiza jike. Brenin alikuwa anatazama tu. Meurig kaja kumchukua mnyama wake, kavua kofia, kanipa pole meno yote nje.

Ijumaa, 26 Desemba
Wanakondoo wameanza kuzaliwa, wazima, wa kwanza bonde zima. Wote sura ya Meurig. Ya dume wake, namaanisha. Watu wanampongeza yeye! Kanisani kaitikia kwa unyenyekevu, mshenzi.

"Mpango wako umefaulu, mume wangu," kasema Nerys. "Umefaulu kwa jirani."

Jumatano, 31 Desemba
Nerys kaniapisha niachane na majira ya wanyama. Nimeapa. Kondoo basi.

Lakini farasi ni kinyume kabisa: jike huamshwa na mwanga! Nimefunga taa kali bandani, farasi jike wetu Seren anakula kama yuko Juni. Atazaa mapema kuliko farasi wote wa wilaya. Dume nimeazima kwa shemeji. Huyo yuko nje, kwenye kiza. Dume hana haja ya anasa.