Malalamiko Kuhusu Kiboko Mwekundu

Rumonge, Machi 1998

Kwako shemeji Anwari, mume wa dada yangu Mwanahamisi, mkazi wa Liège,

Amahoro. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba, tena umekaa, maana yaliyomo si ya kusomwa kwa kusimama. Sisi huku tu wazima kadiri vita vinavyoturuhusu. Milio ya milimani tumeizoea. Mambo yako ndiyo yaliyotushinda.

Unajua vizuri kwamba nina sinema. Si kubwa: ni godauni la marehemu baba, mapipa ya mawese upande mmoja, mabenchi upande wa pili, shuka nyeupe ukutani, na ile mashine ndogo ya kuonyeshea filamu za nyumbani uliyoniletea kabla ya vita. Kwa kuwa usiku haturuhusiwi kutoka, tunaonyesha katuni mchana, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi. Mazuti ni adimu kwa sababu ya vikwazo, kwa hiyo jenereta inakunywa mazuti yaliyochanganywa na mawese, nayo inakohoa kama babu mvuta kiko. Hata hivyo watu wanajaa. Basi, kwa heshima na taadhima, naleta malalamiko yangu.

Kwanza. Mikanda uliyotutumia mwaka jana, ambayo masanduku yake yameandikwa kwa Kifaransa kwamba ni ya rangi, ina rangi moja tu. Nyekundu! Mbingu nyekundu, majani mekundu, maziwa ya mtoto mekundu. Yule kiboko anayejifunza kupiga mbizi, ambaye kwenye sanduku ni wa kijivu na anarukia ziwa la buluu, kwetu ni mwekundu na anarukia wekundu. Ulipoandika kwamba mikanda ya zamani huchujuka, buluu na kijani zikitangulia kufa, na kwamba nyekundu nayo ni rangi, nilikusamehe kwa ajili ya dada yangu. Msamaha ule leo naufuta.

Pili. Kabla hujatueleza habari ya kuchujuka, sisi tulidhani ni mawese. Ungekuwa wewe ungedhani nini? Mtu wa Rumonge akiona kitu kimekuwa chekundu, kiwe shati, godoro au mbuzi, haulizi mara mbili. Tukasema mikanda imekaa karibu na mapipa, imekunywa. Tukaleta karai, tukamwita Domitille muuza sabuni, tukaufua mkanda mmoja kwa sabuni yake mwenyewe. Alisugua kuliko sisi sote, na sababu utaiona mbele. Tukausuuza ziwani, tukauanika kwenye kamba pamoja na nepi za mjukuu. Wekundu haukutoka. Kilichotoka ni kichwa cha jogoo mpishi, shujaa wa mkanda ule. Sasa anaonja mchuzi bila mdomo tangu mwanzo hadi mwisho wa filamu, na watu wanampenda zaidi, lakini hiyo si hoja.

Tatu. Katika filamu ya mwizi na polisi, wote wawili ni mbwa, wote wanene, na kwa mujibu wa sanduku mwizi ana kofia ya kijani na polisi ya buluu. Kwetu wote wana nyekundu. Jumamosi moja mwanajeshi aliyekaa benchi la nyuma, bunduki mapajani, alisimama akauliza kwa sauti ni nani hapa anamfukuza mwenzake, na kwa amri ya nani. Shemeji, hilo ni swali ambalo nchi nzima inaliogopa, wewe umelitia ndani ya katuni! Nikazima mashine, nikasema mazuti yamekwisha.

Nne. Hapa sitanii. Zamani Domitille alikuwa akitoka Muhuta siku za soko, sabuni kichwani, na akiingia kwangu sikuhitaji tangazo. Kicheko chake kilisikika hadi kwenye mitumbwi, watu wakaja mbio kuuliza kuna nini. Mwaka juzi kwao walishambuliwa. Alifika hapa na watoto wake na sufuria. Kaka yake hakufika. Bado anakuja sinema, anasema kwangu kuna kivuli. Lakini kiboko aliporukia lile ziwa, aliniuliza polepole, "Muzee Assumani, ile maji iko damu?" Nikamwambia hapana, ni filamu imezeeka. Akageuza benchi. Tangu siku ile anakaa ameipa shuka mgongo, anawatazama wanaotazama. Inaniuma, shemeji. Inaniuma sana.

Tano. Kwa hiyo naomba mkanda mmoja tu: kiboko yuleyule, maji ya buluu. Nenda kwenye soko la vitu vikuukuu. Usisome sanduku, sanduku ni mwongo. Vuta mkanda, uinue kwenye mwanga kama mwanamke anayekagua kanga, utafute maji. Olivier, fundi wetu wa redio, anasema mikanda isiyochujuka hukutwa kwa watu walioitunza mahali pa baridi na giza. Wengi wao ni wazee, wazee hufa, na wajane hubaki. Mjane akikataa kuuza, mwoe. Dini yetu inaruhusu, chumba cha ziada mnacho, na kama zawadi mpe mashine ya kufulia ya dada yangu. Mweleze Mwanahamisi kwamba ni kwa ajili ya kiboko. Ukishindwa kabisa, nunua rangi ya buluu na brashi nyembamba, upake maji picha moja baada ya nyingine. Ni picha elfu chache tu, na baridi ya huko ni ndefu.

Naishia hapa, hasira imepungua kwa kuwa wino nao umepungua. Wasalimie watoto, majirani na mbwa wao, na yule muuza samaki ambaye samaki wake hawana ladha, mwambie tunamwombea. Mwanahamisi msalimie mara mbili, ila hoja ya tano usimsomee.

Mimi shemeji yako, niliyedhulumiwa na ninayekupenda,
Assumani, mwenye sinema

Tanbihi: Barua hii imelala wiki nzima, barabara ya Bujumbura ilifungwa. Katikati ya wiki Lukeba, yule mfanyabiashara mnene kuliko kiboko, aliingia kuchukua mawese wakati filamu inaendelea. Akaacha mlango wazi, akateleza, akaangusha pipa na kukaa ndani ya dimbwi. Domitille, aliyeipa shuka mgongo, ndiye peke yake aliyemwona akiinuka, mwekundu hadi masikioni. Akageuka kuwaita watoto wake waliokaa nyuma yake, karibu na shuka, na hapo hapo kiboko naye akaibuka ziwani. Domitille akamtazama Lukeba, akamtazama kiboko. "Mama weee! Na huyu ameanguka mu mawese! Mumuletee sabuni!"

Shemeji, alicheka mpaka mabati yakatikisika. Watu walikuja kutoka ufukweni. Mimi nililia, nasema wazi. Sasa kila kiboko akiruka, godauni zima linapiga kelele "Sabuni!", na Domitille anainua mche wake wa sabuni juu.

Kwa hiyo filamu ya buluu usinunue, hata ukipewa bure. Maji ya buluu tunayo hapa nje, ziwa zima. Tutafutie nyekundu zaidi. Na kama umekwisha kumwoa yule mjane, msalimie.