Basi Halina pa Kusimama

Wewe unayesoma, usijifanye huoni. Basi la mtaani kwenu limepita tupu mbele ya macho yako, ukainamia simu. Sogea hapa uwasikie wenzako.

Kijiwe kiko mbele ya banda la Fundi Soli, mshona viatu, ubavuni mwa kituo cha basi. Asubuhi hiyo redio ilitangaza kwamba basi la mtaa litaondolewa kwa kukosa abiria, kahawa ikawachachia mdomoni. Fundi Soli ilimuuma kuliko wote. Mama yake, mwenye magoti mabovu, hulipanda kwenda kliniki. Halafu asiyetembea hamalizi soli: viatu anavyoletewa siku hizi vimezeeka juu, chini vipya kama vya maiti.

"Wametuonea," alisema Kinyozi, aitwaye Waziri kwa kupenda kuhutubia. "Basi ni la wanyonge."

"Na wewe mnyonge ulilipanda lini?" aliuliza Mzee Breki, aliyewahi kuliendesha basi hilohilo mpaka akastaafu.

"Mimi nina mgongo."

"Ukipiga chafya kwako, sisi hapa tunakuombea afya. Na bado umekuja na gari."

Waziri akamuuliza baiskeli yake iko wapi. Mzee Breki akakohoa. Baiskeli anaanikia nguo mkewe. Yeye kaja na gari la mwanawe.

Wakamgeukia Fundi, naye kaja na gari lake. Akajitetea kwamba ana haraka, wakamwuliza mtu anayekuja kushinda kijiweni ana haraka ya nini. Mzee Breki akakumbusha enzi za kutembea, walipojua nani kafiwa, nani kajifungua, mtoto wa nani katoroka shule. Leo jirani wanamtambua kwa honi.

Hapo basi likaja. Halikuingia kituoni. Lilisimama katikati ya barabara, akateremka bibi mwenye mkongojo, akajipenyeza kati ya magari yaliyoegeshwa.

"Tungesimama wapi?" utingo alimlalamikia. "Abiria wanatuona tunapita, wanadhani tunaringa."

Bibi aligonga boneti ya gari la mbele.

"Mwanangu, gari hili nililiombea dua likufikishe mbali," alimwambia Fundi Soli. "Kumbe mwisho wake ni kunizibia kituo."

Kijiwe kizima kikachungulia vikombe. Yaliyojaza kituo yalikuwa magari yao matatu. Mzee Breki, aliyezeeka akiwatukana madereva wa namna hiyo, ndiye wa kwanza kupapasa funguo mfukoni.

Fundi Soli alimrudisha mama yake nyumbani, akaliacha gari huko, akarudi kwa miguu. Alifika anahema, soli ya kushoto imeachama kama mdomo wa Waziri. Akakaa kwenye benchi lake, akavua kiatu, akashika sindano. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa mteja wake wa kwanza wiki hiyo.

Na wewe? Acha kucheka. Inuka, katoe gari lako kituoni sasa hivi, kisha urudi kwa miguu usimame hapo. Basi linakuja, na safari hii lipungie mkono.