Hotuba ya Kuzindua Mnara wa Mashujaa wa Kigango cha Nyamalele

Baba Paroko, Masista wa hapa kigangoni, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa ambaye hakuweza kufika na mwakilishi wake naye hakufika, Ndugu Katibu Tarafa, wenyeviti wa vitongoji vyote pamoja na kile kinachogombaniwa, wanakwaya, viongozi wa jumuiya ndogondogo, wazee maarufu na wazee wa kawaida, wageni waalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa ila mmesikia harufu ya pilau: Tumsifu Yesu Kristu! (Umati: "Milele na milele, amina!") Mwangaluka! (Sauti kutoka nyuma: "Hiyo ni ya asubuhi, mheshimiwa! Sasa saa nane mchana, tumekungoja tangu misa ya kwanza!") Naipokea hoja hiyo. Itafanyiwa kazi.

Mimi, Ndalahwa, Mwenyekiti wa Kamati ya Uratibu wa Makaburi, Minara na Masuala Mengineyo, nimevuka ghuba kutoka Mwanza na msafara wa magari saba, ambapo sita yalikuwa ya kulisindikiza la saba, ili kuja kuwaeleza ninyi historia ya kanisa lenu wenyewe, ambayo niliisoma jana kwa kina kabisa, kurasa zote mbili. (Makofi machache.)

Kanisa hili, ndugu wananchi, lilijengwa mwaka 1936 na mababu zenu, waliofyatua matofali kwa udongo wa bonde lile pale, wakayachoma, wakayabeba vichwani, wakapandisha ukuta na kuezeka, bila andiko la mradi, bila upembuzi yakinifu, bila hata semina elekezi moja, jambo ambalo kitaalamu haliwezekani, na kamati yangu bado inachunguza ni kwa nini halijaanguka. (Kicheko.)

Mwaka 1978 vita vya Kagera vilipozuka, familia kadhaa zilikimbia kutoka mpakani zikafika hapa, zikalala kwenye mabenchi ya kanisa hili. Miongoni mwao alikuwamo kijana aliyeitwa Kashaija, pamoja na mke wake. Alipoona mkewe amepata pa kuweka kichwa, Kashaija aliungana na vijana wawili wa hapahapa, Maige na Shimba, wakatoka misani Jumapili moja wakaelekea vitani. Hawakurudi. (Mheshimiwa anautafuta ukurasa wa pili.) Katekista wa wakati ule akaandika majina yao kwa rangi nyeusi kwenye ukuta wa nyuma wa kanisa, na kwa miaka yote hii huo ndio umekuwa mnara wenu. Majina matatu tu ukutani! Hakuna marumaru, hakuna utepe wa kukata, hakuna hata nafasi ya kuandika jina la mgeni rasmi. Jamani, mliishije?

Ndiyo maana kamati yangu, kwa kushirikisha wadau wote isipokuwa ninyi, ilibuni Programu Shirikishi ya Mnara Endelevu, ambayo hadi kufikia leo imetekelezwa kwa asilimia tisini na nne, kwa mchanganuo ufuatao: asilimia arobaini ni vikao, asilimia thelathini ni ziara za mafunzo, na asilimia ishirini na nne ni hotuba hii ninayoendelea nayo. (Makofi ya watu wa msafara.) Na ili wageni wasikute uchafu, juzi niliagiza ukuta ule wa nyuma upakwe chokaa. Utazameni ulivyo mweupe! (Hakuna makofi.) Nasema utazameni!

Naam, bibi, naona umesimama. Shikamoo. ("Marahaba," anajibu bibi mmoja mwembamba aliyejifunga kitenge cha kijani. "Mimi naitwa Kokulinda. Huyo Kashaija ni mume wangu. Kila Jumapili nikitoka misa, nalishika jina lake pale ukutani ndipo naenda nyumbani. Leo nimefika nimekuta chokaa. Sasa mheshimiwa, nishike nini?")

Ahaa. Hilo ni swali zuri, la kimkakati. Bibi, jina la mumeo halijafutwa, limehamishwa. Limehamishiwa kwenye mnara wenyewe, ule pale uliofunikwa kitambaa cha bluu, ambao kwa heshima na taadhima sasa naufunua. Vuteni kamba! (Kitambaa kinaanguka. Chini yake limesimama tangi la maji, jeusi, la lita elfu mbili.) Huu, ndugu wananchi, ni mnara wa kisasa wenye matumizi mtambuka. (Sista mmoja: "Mheshimiwa, hilo ni tangi letu. Mlisema mnaliazima dakika kumi.") Sista, tusiingize siasa.

Bibi, mbona huketi? Naona unakwenda jikoni. Naona umechukua mkaa. Bibi, hapana, ukuta huo ni wa juzi tu! Kuna utaratibu! Kuna fomu! (Kokulinda anaandika taratibu, herufi moja baada ya nyingine: KASHAIJA. Mzee mmoja anamsogelea: "Mama, na Maige. Alikuwa kaka yangu." Kokulinda anamjibu bila kugeuka: "Nitamwachaje? Si waliondoka pamoja?" Anaandika MAIGE. Anaandika SHIMBA. Kisha anaweka kiganja juu ya jina la kwanza, na chokaa inamganda mkononi. Umati wote umegeukia ukuta. Kwaya inaanza kuimba.)

Ndugu wananchi, mimi niko huku! Mgeni rasmi yuko upande huu! (Hakuna anayegeuka. Mheshimiwa anakunja karatasi zake.) Bibi Kokulinda... mimi sikujua. Kwenye zile kurasa mbili hawakuandika kwamba kuna mtu anayelishika.

Hata hivyo! Naelekeza maandishi hayo yaingizwe kwenye taarifa kama mafanikio ya kamati. Mashujaa, hoyee! (Kwaya inaendelea.) Minara, juu! Chokaa, ju... chokaa, ibaki ilipo!

Kwa namna ya pekee nimshukuru fundi Obedi wa hapahapa Nyamalele, ambaye kwa mujibu wa taarifa niliyokabidhiwa ndiye aliyechimba msingi, akamwaga zege, akaunyanyua mnara wa mita sita na kuukabidhi kwa wakati mwezi Machi, na ambaye ameninong'oneza sasa hivi kwamba habari za kazi hiyo amezisikia leo, kutoka kwangu. Obedi, simama, baba, wakuone. (Obedi anasimama, anatazama kushoto na kulia: "Mheshimiwa, mnara upi?")

Huohuo, Obedi. Hongera sana kwa kazi nzuri. Asanteni kwa kunisikiliza.