Kirusi Kilichoomba kwa Unyenyekevu

Ieleweke kwa wote kwamba jioni ile kompyuta ya sebuleni ilitangazwa rasmi kuwa eneo la dharura. Aliyetangaza ni Mkurugenzi wa Idhini wa wizara, mbele ya mkewe na binti yao, akiwa na koti la suti juu na kaptula chini. Kirusi kilikuwa kimeingia kwenye mashine, na popote palipoandikwa "Kubali", kilibonyeza chenyewe. Kilishakubali masomo ya uogeleaji, dawa ya upara na majeneza kwa bei ya jumla.

Jambo hilo lilimuuma Mkurugenzi kuliko jino. Yeye jina lake alilijenga kwa kutokubali kitu. Maombi ya watu yalizeeka mezani kwake hadi wenyewe wakasahau walitaka nini. Na humo kwenye kompyuta mlikuwa na hotuba ya kusomwa Jumatatu mbele ya Waziri, hotuba iliyotarajiwa kumfikisha kwenye kiti cha katibu mkuu.

"Baba, nifute kila kitu niweke upya," alisema binti, ambaye kazi yake ni hiyohiyo ya kompyuta. "Hotuba yako nitaiokoa."

"Utaratibu kwanza, mwanangu. Hafukuzwi mtu bila kusikilizwa."

"Si mtu, baba."

"Ndiyo maana tunahitaji kamati."

Kamati ikaundwa: yeye mwenyekiti, mkewe katibu, binti mtaalamu mwalikwa asiye na kura. Mtaalamu alikiondoa kirusi, kikarudi. Akakiondoa tena, kikarudi kabla kiti hakijapoa. Binti akaanza kuutilia shaka ujuzi wake, mpaka mama yake alipomfumania mwenyekiti mbele ya kompyuta, kidole hewani. Kwenye kioo paliandikwa: "Mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba idhini yako ya kurejea."

"Na wewe ukaidhinisha?"

"Soma mwenyewe, bibie. Ofisini kwangu nani anaandika hivi?"

"Dada yangu anangoja kibali cha saluni mpaka mikasi imeota kutu. Kirusi unakipitisha papo hapo?"

"Dada yako hakutaja unyenyekevu."

Mkewe aliivunja kamati kwa mamlaka ya mwenye nyumba. Mkurugenzi alipewa muda wa kunakili hotuba yake kwenye flashi, kisha binti akaifuta kompyuta yote na kuiweka upya. Safari hii kirusi hakikurudi, kwa kuwa mwenyekiti alishafungiwa chumbani.

"Baba, nipe na hiyo flashi niikague."

"Nyaraka za serikali hazikaguliwi na raia," alijibu kupitia mlangoni, akaitia mfukoni.

Jumatatu, mbele ya Waziri na wageni, akaichomeka kwenye kompyuta ya ukumbi wa wizara, iliyorusha picha ukutani. Hajamaliza kusafisha koo, kirusi kikazama kwenye mfumo na kuanza kukubali: visima, leseni, vyeti vya kuzaliwa vya watu ambao sasa wana wajukuu. Getini watu walikumbatiana na askari. Fundi wa wizara akaja mbio kukifuta, Waziri akamzuia.

"Kinadai posho?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Kinaomba safari za nje?"

"Hakijawahi."

"Basi kiache kifanye kazi. Huyu mwingine wa nini tena?"

Mkurugenzi aliogopa, lakini kidogo tu. Kumwondoa mtu wa cheo chake kulihitaji kibali cha kila idara, na utaratibu huo aliutunga mwenyewe, kwa makusudi, ili barua ya namna hiyo isifike mwisho kabla yeye hajastaafu kwa heshima zake. Waziri akaandika mstari mmoja kwenye mfumo, akatuma. Mkurugenzi akavuta kiti ajipange kusubiri miaka. Makalio hayajagusa kiti, jibu likatokea ukutani, mbele ya wageni wote: idara zote zimekubali, na ya kwanza kukubali ni Idara ya Idhini.