Kiti Changu na Tangi la Angani

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Leo sehemu ya pili ya ule mchezo wa chombo cha angani. Nimeitazama nikiwa juu ya ndoo. Ndoo! Katika nyumba niliyoijenga kwa jasho langu, mbele ya televisheni niliyoinunua mimi, kwa sababu mama mkwe amekalia kiti changu. Kile cha kuegemea, nilichokiunda kwa mikono hii. Alikuja kutusalimia wiki iliyopita. Salamu haziishi. Na mkwe humwambii inuka. Unamwambia, "Egemea vizuri, Mama," huku roho inakukatika.

Lakini mchezo wenyewe ni moto! Watu arobaini chomboni, safari ya miaka saba, sayari haijulikani. Mara nahodha akasimama kando ya tangi la maji. Nikaruka. Mimi fundi wa matangi, tangi silipiti kama nguzo ya umeme. Nikabandika utepe wa kupimia kwenye kioo, nahodha nikamfanya kipimo. Mke wangu akafoka kwamba nimewaziba, baba yangu hakuwa dirisha, niondoke. Shemeji, mdogo wake, fundi simu anayejiona mwanasayansi kwa kuwa na bisibisi ndogo, akauliza kama namshonea nahodha suti.

Acha wacheke. Lita elfu moja. Vinywa arobaini. Wiki mbili hazifiki! Wana miaka saba! Kwa hiyo sehemu ya tatu ni kiu, ngumi, na nahodha kulamba ukuta. Hakuna njia nyingine.

Nikatangaza papo hapo: atakayebashiri sawasawa, kiti ni chake mpaka mchezo uishe. Shemeji akasema nahodha ni msaliti, kisayansi, masharubu yale si ya mtu mwaminifu. Mama mkwe, macho kayafumba kama kalala, akasema hao si watu. Basi. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba hiyo nayo ni hoja, Mama. Moyoni nilicheka mpaka ndoo ikatikisika.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Alhamisi, siku ya sehemu ya tatu, iko mbali. Mgongo wangu uko karibu. Nimetumia akili: nimetangaza kwamba mguu wa kiti umelegea, ni hatari kwa mzazi, lazima kiende karakana mara moja. Mama mkwe akanishukuru sana kwa kumjali. Akasema nisihangaike kukibeba, nikaze hapo hapo, yeye hana haraka.

Nikaingia chini. Nikalala chali na spana, nakaza mguu usiolegea, juu yangu mama mkwe anakula karanga. Maganda mengine yaliniingia sikioni. Nilipotoka akauliza, kwa kuwa vifaa ninavyo mkononi, haiwezekani nikamwekea na pa kuegeshea miguu?

Imewezekana. Tena imetoka nzuri sana. Nimejiudhi.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Shemeji kaja karakana na sura ya amani. Anapendekeza tuungane: akishinda yeye au mimi, kiti tukikalie kwa zamu. Anasema sisi wanaume wa nyumba hii tushikamane. Mwanamume wa nyumba ipi? Yeye kwake ni kule ng'ambo ya barabara, kwangu hufuata televisheni na chai! Nikamwambia hesabu haina ujomba, na haina ushemeji pia. Akaondoka akisema nitakuja kumkumbuka.

Mchana nimemchorea mteja lile tangi kwa chaki ukutani, nikamweleza maafa yanayokuja. Alisikiliza kwa huzuni. Mwisho akaniuliza tangi lake litakuwa tayari lini. Watu wengine hawana moyo.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Jioni, sehemu ya tatu. Dakika za mwanzo tu, kimondo kikapiga chombo, tangi likapasuka! Maji yote chini! Nikapanda juu ya ndoo. Nikaimba! Nikashuka, nikamwendea mama mkwe na mkono nimeunyoosha, tayari kumsaidia kuinuka kwa heshima. Akautazama mkono kama mtu anayeonyeshwa samaki wa jana.

Nikageuka. Wale arobaini wamesimama wanayaangalia maji kama wapita njia wanaoangalia nguo za jirani kambani. Hakuna anayelia. Nahodha akafungua vifungo vya shati. Ndani: nyaya! Taa ndogo ndogo! Mashine! Arobaini wote mashine! Maji yalikuwa ya kupoza injini!

Mama mkwe akasema tangu kisa kianze hakuna hata mmoja aliyeuliza choo kiko wapi. Akauliza, sisi tulifikiri wanakwenda wapi, dirishani?

Mke wangu alicheka akakaa sakafuni. Shemeji akadai kwamba, kisayansi, alihisi. Na mimi! Mimi ambaye swali langu la kwanza kwa kila mteja ni nyumba ina vyoo vingapi! Nimelala bila kula. Halafu nikaamka nikala.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Mama mkwe alikuwa aondoke Jumapili. Asubuhi hii kasema mtu aliyeshinda kiti halali hakiachi njiani. Zimebaki sehemu ishirini. Ameagiza nguo zake nyingine ziletwe.

Nimekaa karakana nikajihoji kwa ukali. Kosa langu lilikuwa nini? Majivuno? Hapana. Papara? Hapana. Kosa lilikuwa maji. Sikupaswa kugusa maji. Mashine haina kiu, mashine ina betri! Na chombo kinazidi kuliacha jua nyuma. Nimepiga hesabu mara tatu: betri arobaini, mwanga unapungua, sehemu ya nne wote wanazima kama taa za sherehe. Haina mwanya hata wa sindano.

Nimerudi mbio nikamwekea mama mkwe dau jipya: nikishinda, kiti kinarudi kwangu. Nikishindwa, achukue chumba chetu cha kulala, mimi na binti yake tuhamie sebuleni. Mke wangu bado sijamwambia, ya nini kumsumbua kwa jambo ambalo halitatokea?

Mama mkwe kakubali kabla sijamaliza kusema. Kisha akauliza godoro letu ni la sponji au la pamba. Nimemwambia kwa adabu zote asijisumbue.