Kilo Sitini za Mama Chibalonza

Jumatatu, 6 Septemba 2021

Papa Vénérand, mzee wa jumuiya yetu hapa Sydney, ameamua! Harusi ya binti yake Nicole ni Desemba, serikali ikitufungulia, na mpaka leo hana MC. Mimi naitaka kazi hiyo. Dieudonné naye anaitaka. Tumempigia mzee wa watu simu kwa zamu tangu Juni hadi kachoka. Leo katangaza kwenye kundi la WhatsApp: wote tumefungiwa ndani na Korona, wote tunacheza mbio za magari kwenye kompyuta, basi atakayeshinda Mbio za Saa Sita Mfululizo tarehe 18 ndiye MC. Kwisha!

Nimeruka sebuleni. Mke wangu Joyceline alikuwa ndiyo kwanza katoka shifti kwenye nyumba ya wazee, kaniomba nisiwaamshe watoto wala nisiwasumbue majirani. Majirani wa hapa mtaani Bankstown wameshanizoea.

Kila gari lina madereva wawili wa kupokezana. Mwenzangu ni Joyceline. Gari letu nimelichora mwenyewe: bapa, chini chini, injini katikati, bawa la nyuma nimelilaza lisishike upepo. La Dieudonné lina injini kubwa mbele na pua ndefu. Wamefanana, gari na mwenyewe.

Jumanne, 7 Septemba

Mazoezi ya kwanza. Nimewaacha wote! Nikawatumia picha ya muda wangu, pamoja na vikaragosi vya kucheka. Kosa kubwa.

Magari yetu hayalingani, kwa hiyo kuna mtu wa kuyasawazisha. Lenye kasi linaongezewa mzigo au injini yake inabanwa pumzi. La pole linapunguziwa. Kwenye mbio kubwa za dunia kazi hiyo wanafanya mainjinia. Sisi tuna Mama Chibalonza wa mtaa wa Macquarie Fields. Hana hata leseni. Lakini ndiye anayegawa nyama kwenye sherehe zetu zote, na hakuna aliyewahi kulalamika mara ya pili. Anatutazama mubashara kwenye tableti huku anapika sombe, majani yake ya muhogo.

Kanipa kilo sitini. Sitini! Ni sawa na kumpakia shemeji na begi lake. Nikampigia kumwuliza nimemkosea nini. Kasema nimeshiba, inaonekana hata usoni.

Dieudonné kanitumia kikaragosi cha kucheka.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimepata! Jamani, kichwa hiki! Kama mwenye kasi anabebeshwa mzigo, basi niende pole. Mama aone gari bovu, aniondolee kilo, halafu siku ya mbio naachia.

Joyceline kasema huo ni uongo, na yeye mazoezi ya uongo hafanyi. Ataendesha siku ya mbio tu. Sawa. Wenye vipaji tuko wachache.

Jioni mazoezi ya pili. Nimeendesha kana kwamba nimepakia trei za mayai. Kona zote breki mapema. Mara mbili nimetoka nje ya barabara makusudi, nikashusha pumzi kwa huzuni karibu na kipaza sauti. Mama kaniondolea kilo zote sitini papo hapo! Kaniita "mutoto yangu".

Nimecheza peke yangu jikoni, bila muziki.

Jumamosi, 11 Septemba

Mwizi! Dieudonné kaniiga! Mazoezi ya tatu, na yeye kajitia gari lake linakohoa. Nikapunguza mwendo zaidi. Naye kapunguza. Wenye magari mengine wakashtukia mchezo, nao hao wakapunguza. Mwisho tukawa msururu mzima unatambaa kwenye barabara iliyonyooka, hakuna anayetaka kumpita mwenzake.

Nyuma akaja Mzee Ntakirutimana. Shemasi, Mrundi, anaendesha na mkewe, mwendo uleule tangu siku ya kwanza, kama yuko kwenye mtihani wa leseni. Katupita wote! Kapiga na honi kutusalimia.

Mama kampa yeye kilo themanini. Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Mzee wala hakununa. Kashukuru, kasema gari sasa limetulia, mwanzoni lilikuwa linamrusharusha. Kisha akaomba tusali, na sala ikachukua nusu saa.

Jumatatu, 13 Septemba

Kimenuka. Lakini kimenuka vizuri!

Papa Vénérand kapiga simu kwa sauti ya msibani. Kasema mtu aliyekuwa wa kwanza Jumanne hawezi kuwa wa mwisho Jumamosi akiwa mzima wa afya. Kaniuliza kama bado nasikia harufu ya chakula. Kaniamuru nikapimwe Korona.

Ningekataaje? Ningesema najifanya? Nikaenda. Foleni ya magari asubuhi nzima: gia ya kwanza, breki, gia ya kwanza, breki. Dada mmoja kanichokonoa pua hadi machozi yakatoka. Sasa lazima nikae ndani nisubiri majibu, na Joyceline naye kazuiwa kazini kwa ajili yangu. Haongei nami.

Ila habari zimeenea! Mlangoni watu wa karibu wameacha sufuria la pilau, sambusa, ndizi za nyama. Mama Chibalonza haruhusiwi kutoka kwao kuja huku, kwa hiyo huruma yake kaileta kwa njia nyingine: kanipunguzia kilo nyingine ishirini na kuifungulia injini pumzi yote. Nilikuwa nimekohoa kidogo kwenye simu. Kidogo tu.

Jumatano, 15 Septemba

Majibu yametoka. Sina Korona. Joyceline anarudi kazini kesho. Habari hiyo kanipa kwa meseji, naye yuko chumba cha pili.

Nilidhani Papa Vénérand atafurahi. Kaguna. Kauliza kama mtu dhaifu hivi ataweza kusimama na kipaza sauti kuanzia bibi harusi anaingia mpaka keki inakwisha. 

Nakitaka kipaza sauti hicho, niseme ukweli. Kazi yangu ni kupokea simu za wateja. Siku nzima wananiomba nirudie, wengine wanaomba wapewe mtu mwingine, wengine wanakata. Miaka minne Sydney na sijamaliza sentensi. Kwenye harusi nikisema simameni, ukumbi mzima unasimama. Nikisema vigelegele, vinapigwa. Raha hiyo hapa mjini sijaipata mahali pengine popote.

Nimemwomba asubiri Jumamosi ajionee.

Jumamosi, 18 Septemba

Mbio zilianza adhuhuri. Nikaachia!

Weee! Gari jepesi, injini inapumua, kwenye barabara ya kwanza iliyonyooka wote nimewaacha, napiga makelele peke yangu. Halafu ikaja kona ya kwanza ya kasi. Hapo ndipo akili iliponirudia kwamba gari hili, tangu lipunguzwe uzito, sijawahi kuliendesha mbio hata mara moja. Ningewezaje, na Mama anatazama? Na bawa la kulikandamiza gari chini nimelilaza! Matairi ya nyuma yakateleza, gari likazunguka kama pia, nikajikuta nawatazama wenzangu uso kwa uso.

Sikukata tamaa. Nikageuka, nikalizoea, nikawafukuza mmoja mmoja. Nikaongoza! Dieudonné alikuwa nyuma yangu hatua chache, naye kapona ghafla kikohozi cha gari lake.

Ndipo ikasikika sauti ya Mama Chibalonza, na sufuria zikigongana nyuma yake: "Weye ulilia una njaa. Kumbe ulificha sahani?" Katangaza kwamba gari lolote litakaloupita mno mwendo wake wa mazoezi ya mwisho litakaa gerejini dakika tano kwa kila mzunguko. Nilimlilia Papa Vénérand. Kasema neno la Mama ndilo hilo hilo.

Joyceline akashika usukani, akaenda mwendo wa mazoezini, polepole, bila adhabu hata moja. Kaniambia tukienda hivi tutamaliza wa pili, labda wa kwanza. Nilivumilia mpaka nikaona pua ya Dieudonné inatupita. Nikamwomba kiti. Mzunguko mmoja tu, nikamwambia. Adhabu. Nikaongeza mwingine kufidia adhabu. Adhabu. Nikaongeza wa kufidia huo.

Saa ya mwisho nilikuwa gerejini. Kando yangu gari la Dieudonné, linatumikia kifungo chake. Tukapigiana simu tukatukanana, kwanza kwa adabu, baadaye bila. Mbele yetu Mzee Ntakirutimana anapita na kilo zake themanini, anapiga honi. Anazunguka, anapita tena, anapiga honi.

Kashinda yeye na mkewe. Mimi wa tisa. Dieudonné wa kumi! Walau hilo.

Jumapili, 19 Septemba

Joyceline kacheka hadi akalia. Kwa Papa Vénérand hakuna anayecheka. MC wa harusi ni Mzee Ntakirutimana, ambaye sala yake ya chakula peke yake inapoza pilau ya watu mia mbili. Nicole kajifungia chumbani kwao Ingleburn. Papa hawezi kuvunja ahadi, na shemasi ameshaanza kuandaa maneno ya ufunguzi. Yamefika kurasa kumi na nne.

Mchana Mama Chibalonza kaingilia kati. Kasema ma-MC nao wasawazishwe, dakika za harusi tugawane watatu. Jumatano jioni kwenye Zoom, Mzee, Dieudonné na mimi tuongee kidogo kidogo mbele yake. Mwenye maneno mengi atapunguziwa dakika zake. Mwenye shida ya kuongea ataongezewa.

Nimesoma ujumbe huo mara tatu. Nimeruka tena sebuleni!

Jumatano nitagugumiza. Nitalisahau jina la bibi harusi. Nitaangusha karatasi, nitakaa kimya, nitafuta jasho. Mama ataniita mutoto yangu, atanipa dakika zote zilizobaki, na siku ya harusi naachia! Hawa watu hawajui nani wanacheza naye.

Nimempa Joyceline siri hii. Kachukua mto wake, kaenda kulala chumbani kwa watoto.

Dieudonné sasa hivi katuma ujumbe wa sauti kwenye kundi. Eti tangu asubuhi sauti imemkauka, anaomba tumwombee. Mwongo mkubwa! Kumbe tunawaza sawa. Basi kugugumiza hakutatosha. Itabidi kufikia Jumatano niwe bubu kabisa.